Mikono Minne ya Ardhi

Siku ambayo Mji ulipanga kuugeuza mkono wa Bi Kazija kuwa chuma, mama yake alikuja kumwamsha alfajiri, ingawa mama huyo alikuwa amekufa miaka hamsini iliyopita.

Bi Mize hakuwa mzimu wa vitisho. Hakupiga kelele, hakutikisa milango. Alikaa tu pembeni mwa kitanda, magoti yamepanda hadi karibu na kidevu, na hata alipoinuka kutembea aliyakunja vile vile, kama mtu anayetafuta kigoda cha kukalia asikione. Hakuweza kuinyoosha miguu yake, kwa sababu ndivyo alivyozikwa. Na kwa miaka yote hamsini alikuwa na neno moja tu la kumwambia binti yake, wala hakuwahi kulitia chumvi.

"Magoti, mwanangu."

"Nimesikia, mama," akajibu Bi Kazija, kama alivyojibu kila asubuhi, akavuta shuka na kuufunika mkono wake wa kulia. Aliuonea haya mbele ya mama yake.

Afadhali nieleze sasa habari za mkono huo, msomaji, usije ukanilaumu baadaye. Mji ninaousema hauna jina, na wenyeji wake hawajaona haja ya kuupa, kwa maana hawana hakika kama upo mwingine. Humo kila kitu kilipimwa kwa mkono mmoja: mkono wa kulia wa mwanamke mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mwashi, seremala, mfumaji, mpima mashamba na mchimba kaburi, kila mmoja alikuwa na ufito wake, na kila mwaka masika yalipokatika walipanga foleni mbele ya jiwe la Ukumbini. Mwenye Mkono alilaza mkono wake juu ya jiwe, fundi akalaza ufito wake kando yake. Ufito uliolingana ulipakwa chokaa nchani. Usiolingana ulivunjwa na kuchomwa hapo hapo, na mwenyewe akaangaliwa kwa jicho la pembeni mwaka mzima. Mji ulijivunia sana jambo hilo. Ukuta wa tajiri na kaburi la fukara, walisema, vyote vimepimwa kwa nyama na mfupa wa mtu mmoja. Haki gani tena mnataka?

Kazi hiyo ilirithiwa, mama kwa binti. Mama alilaza mkono wake, binti akalaza wake ubavuni, na mwaka ambao mikono miwili ililingana, mama alipumzika. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa kwa Bi Mize na Kazija pia. Lakini ikaja wiki ya homa, na homa haikungoja mkono wa mtu ukue.

Bi Mize alikufa siku ya tatu ya wiki hiyo, Kazija akiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwepo desturi, na hii ndiyo iliyowaponza: Mwenye Mkono akifa, fito zote za Mji huchomwa saa ile ile, kwa heshima yake, maana si vizuri mkono wa marehemu kuendelea kuwapima walio hai. Basi wakazichoma. Walilia, wakazichoma zote, wakatazama moshi ukipanda, na moshi ulipokwisha ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba kuna maiti thelathini na saba zinazongoja kuzikwa na hakuna cha kupimia kaburi hata moja. Bi Mize mwenyewe alikwisha kufungwa sandani. Hakuna aliyethubutu kuifungua na kuutoa mkono wake.

Wakamchukua mtoto. Walimkuta kwenye mkeka, katikati ya wanawake, akipokea pole. Wakampeleka kwenye jiwe, wakamlazia mkono. Karani wa siku hizo aliutazama, kisha akatazama juu, kisha akasema, "Umelingana." Hakuna aliyeuliza umelingana na nini. Walikuja kumpa mkono wa pole, wakaondoka na wake.

Sheria ilisema kaburi la mtu mzima ni mikono minne. Ikachimbwa mikono minne, ya mtoto. Na Bi Mize alikuwa mwanamke mrefu.

*

Mkono wa mtoto hautulii. Mwaka uliofuata uliongezeka, na wa pili vile vile, na kila mwaka mafundi wakakata fito mpya. Kwa kuwa mkono haukosei, ilibidi kitu kingine kiwe kimekosea. Wakapimwa watu. Mwanamume wa mikono minne na nusu akaambiwa ana minne. Mwaka mwingine minne kasoro. Mji ukashikwa na hofu: tunafupika! Wahubiri wakasema ni madhambi. Waganga wakauza mafuta ya kupaka magotini. Kijana mmoja alimwacha mchumba wake kwa hoja kwamba siku alipomposa alikuwa mrefu. Wanaume wazima, na ndevu zao, walivaa kofia ndefu na kutembea kwa ncha za vidole, na walipomwona binti wa Bi Mize akipita, yeye peke yake akirefuka katika Mji unaofupika, walimpisha njia na kuinamisha vichwa. Alipofika miaka kumi na minane mkono ukasimama, watu nao wakasimama, na Karani akatangaza kwamba amani imerejea. Nadhani ni Kazija peke yake aliyelia siku hiyo.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja. Baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole, na kidole cha kati hakikunyooka tena. Kila mwaka kilijikunja kidogo zaidi, mkono ukapungua, na Mji mzima ukaanza kurefuka. Furaha ilioje! Mabango yalibandikwa. Watoto walifundishwa kuimba kwamba wao ni warefu kuliko babu zao. Na Karani wa sasa, Bwana Mfaume, mtoto wa yule Karani wa kwanza, alipoona maendeleo yamefika pale alipoyataka, akatoa shauri kwamba mkono upigwe muhuri. Adhuhuri ya siku hiyo ungelazwa katika kalibu ya udongo uache umbo lake, kisha mhunzi amimine chuma humo, na mkono wa chuma utundikwe Ukumbini milele. Baada ya hapo kaburi la Bi Mize lingekuwa na mikono minne mpaka mwisho wa dunia, na hakuna nyama wala mfupa ambao ungeweza kusema vinginevyo.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Bi Kazija hakungoja chai. Alivaa, akaufunga mkono wake kwa kitambaa, akatoka. Mama yake alimfuata nyuma, amejikunja, taratibu.

*

Bwana Mfaume alikuwa mtu mwenye adabu nyingi na moyo mdogo. Alisimama alipomwona, akamvutia kiti, akakipangusa kwa leso.

"Karibu, Mkono," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Nimekuja kuomba ruhusa. Kaburi la mama yangu lifunguliwe, lirefushwe."

"Lina kasoro gani?"

"Fupi."

Alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole. Alilipata upesi mno, kana kwamba si mara ya kwanza kulitafuta. "Bi Mize, Mwenye Mkono. Mikono minne. Na marehemu baba ametia mkono hapa chini, unaona? Sheria inataka minne, na hili lina minne. Ufupi unatokea wapi?"

"Mkono wenyewe ndio uliokuwa mfupi."

Bwana Mfaume aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa.

"Bi Kazija," akasema, na hiyo ikawa mara ya kwanza. "Kitu kifupi ni kile kilichopungua mkono. Sasa mkono utapunguaje mkono? Utapunguaje wewe mwenyewe? Nieleze, mimi nimesoma lakini hapo sijafika."

Jibu hilo Bi Kazija alikuwa amelitafuta miaka hamsini, asilipate. Kinachopima vyote, nani atakipima? Ukisema umekosea, umekosea ukilinganisha na nini? Fito za kweli zilikwisha kuwa majivu, na mkono wa kweli ulikuwa chini ya ardhi, umekumbatia magoti.

"Na tuseme, tuseme tu," Bwana Mfaume akaendelea kwa sauti ya chini, "kwamba ulikuwa mfupi. Mashamba yaliyogawanywa kwa mkono huo je? Watu waliofungwa kwa kusogeza mpaka wa shamba robo mkono? Wapo waliofia ndani. Tuwaambie nini watoto wao?" Akafunga daftari. "Ufito usiolingana, unajua tunaufanya nini. Juu ya mkono usiolingana sheria iko kimya. Nakuomba, mama yangu, usiilazimishe iseme."

Kisha akatabasamu, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia adhuhuri asichelewe. "Baada ya leo utapumzika. Mkono hautakuhitaji tena."

*

Alitembea. Mitaa ya Mji ilikuwa imepambwa, na kila mahali aliposikia watu wakizungumza alisikia mkono, mkono, mkono. Kwenye kibaraza cha kinyozi wanne walikuwa wakicheza karata, na mmoja alipiga kelele kwamba huu ni mkono wake, huu, mwache aucheze. Mafundi wa maji walibishana kuhusu mkono wa mto, ule uliokauka, kama utarudi. Mama mmoja alimfokea mwanawe mwenye mkono mrefu arudishe kitumbua cha watu. Kwenye ukuta wa shule palikuwa na tangazo la kuwashukuru wananchi kwa kuunga mkono.

Wangu. Wote huo ni wangu, akawaza. Hapana. Wangu ni upi? Huu unaouma asubuhi. Huu uliomshika mama paji la uso alipokuwa anawaka homa, akasema nishike, nikamshika. Huo ndio ulikuwa mkono. Baada ya hapo sijui ni nini. Wananishika wote. Wanaulaza, wanauinua, wanaufuta vumbi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliogopa kuulalia. Niliwahi kumpiga mtu kofi kwa mkono huu? Sijawahi. Niliwahi kumbeba mtoto? Walisema utalegea.

Mtu mmoja alimpita akamwamkia kwa jina la Mize. Akaitikia. Sauti iliyotoka haikuwa yake, na kwa hatua kadhaa hakujua ni nani anayetembea mbele na ni nani anayefuata nyuma amejikunja. Magoti yake mwenyewe yalimuuma. Alipotazama chini akaona miguu ya mtoto, yenye vumbi la msiba, na jiwe la baridi chini ya kiwiko chake, na ndevu za Karani zikisogea juu yake: umelingana. Umelingana. Alishika nguzo ya duka mpaka hali hiyo ikapita.

Nguzo hiyo ilikuwa ya duka la Machano, fundi cherehani, mtu wa rika lake waliyecheza naye vifuu utotoni. Alikuwa akimalizia gauni la sherehe, jeupe, lenye mkono wa kushoto mrefu na wa kulia umekatwa begani, ili mhunzi apate nafasi.

"Ingia, Kazija. Umekunjamana uso, una nini?"

Akamwambia. Machano aliendelea kukanyaga cherehani yake huku akisikiliza, kisha mguu ukasimama.

"Mimi mikono yangu ni ya kitambaa, sheria zako sizijui," akasema. "Lakini gauni lako la msiba alilishona mama yangu. Nilikuwa nimekaa pale chini, naokota pini. Mkononi aliacha upindo wa vidole vinne. Nikamuuliza, mama, mbona unapoteza kitambaa? Akaniambia, huyu ni mtoto, atakua, tutaufungua."

Bi Kazija alikaa juu ya robota la nguo. "Alijua."

"Nani hakujua? Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Mji mzima ulijua, Kazija. Kila mtu alikwenda nyumbani akala, akalala." Akaunyanyua mkono mrefu wa gauni, akautazama, akauacha uanguke. "Mimi pia. Nilivaa kofia ndefu kama wenzangu, nikachekesha kuku."

Hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Kwa miaka yote alidhani siri ni yake, ameibeba peke yake, na kumbe ilikuwa siri ya watu wote, kila mmoja ameificha kwa jirani yake. Hasira ikamjia, hasira safi, na nyuma ya hasira ikaja nafuu ambayo alikaribia kuionea aibu. Akainuka. Gauni akaliacha pale pale kwenye cherehani.

*

Mzee Vuai, mchimba kaburi, alikuwa ameketi makaburini chini ya jua, jembe na koleo vimelazwa mbele yake, na ufito wenye chokaa umeegemea ukuta.

"Shikamoo, Mzee Vuai."

"Marahaba, Bi Kazija. Nimekungoja."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu siku ile." Alisogea ampe nafasi ya kukaa, lakini hakukaa. "Tulipewa ufito mbichi, bado unatoa utomvu, tukaambiwa mikono minne. Nilikuwa kijana, nafanya ninavyoambiwa. Nikaingia shimoni kumpokea mama yako, nikaona hatoshi. Nikamwambia Karani, hatoshi, bwana. Akaniuliza, ni mikono minne? Nikasema, ndiyo, minne. Akasema, basi anatosha."

Upepo ulipita juu ya makaburi.

"Nikamkunja," akasema Mzee Vuai. "Kwa mikono hii. Magoti yalikuwa yameanza kukaza, nikayalazimisha. Nilimwomba radhi. Wengine wa wiki ile nao nikawakunja. Nimechimba wangapi baadaye, na hao nimewalaza vizuri, lakini nikifumba macho nayasikia yale magoti."

"Anakuja kwako pia?"

"Kila siku. Pale." Alionyesha lundo la udongo, na Bi Mize alikuwa amekwisha kufika, ameketi juu yake, kidevu magotini, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na hukusema, Mzee Vuai."

"Nani angemsikiliza mchimba kaburi? Na wewe hukusema."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto miaka saba," akajibu, bila ukali. "Miaka arobaini na mitatu hukuwa mtoto."

Ilimchoma hadi kwenye mfupa, kwa sababu ilikuwa kweli. Angeweza kusema. Mwanzoni aliogopa, ni sawa, baadaye alizoea. Alipenda kupishwa njia. Alipenda kiti cha mbele arusini, kitoweo cha kwanza, sauti za watu zinavyoshuka anapoingia. Kila mwaka alilaza mkono juu ya jiwe na kuhisi mkono mwingine wa baridi umelala ubavuni mwake, mrefu kuupita wake, na kila mwaka aliutazama ufito wa fundi badala ya kuutazama huo. Hakuna aliyemziba mdomo zaidi ya heshima aliyopewa. Alilia hapo kwa sauti, mwanamke mzima, na Mzee Vuai alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Sasa tuchimbe," akasema Bi Kazija, akafungua kitambaa kilichofunga mkono wake.

"Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa."

Walichimba. Mzee alishika jembe, yeye koleo, na mkono ambao haukuwahi kushika kitu kizito kuliko sahani ukatoka malengelenge kabla shimo halijafika magotini. Jua lilipanda. Waliifikia mifupa ya Bi Mize, myembamba, ya rangi ya chai, na sanda imebaki nyuzi nyuzi. Miguu ilikuwa imekunjwa upande, na mikono yote miwili imezunguka magoti. Vuai alivua kofia yake.

Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaunyoosha mkono nyuma kuuchukua ufito. "Niongeze kiasi gani? Mikono mitano? Mitano na nusu?"

Bi Kazija alifungua kinywa kujibu na idadi haikutoka. Mitano ya nani? Ya mtoto yule? Ya msichana wa miaka kumi na minane? Ya kizee hiki chenye kidole kilichojikunja? Angetaja idadi yoyote, angekuwa anamzika tena kwa kipimo kile kile. Bwana Mfaume alisema kweli, hakuna njia ya kuupima mkono huo. Lakini mama yake yuko hapa. Ana urefu wake, tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kuupima.

"Usihesabu," akasema. "Weka huo ufito chini. Chimba kuelekea miguuni. Mimi nitamnyoosha, na pale unyayo utakapofika, simama."

*

Ukumbini adhuhuri ilipita bila Mkono. Udongo wa kalibu ukaanza kukauka, mhunzi akalalamika, ngoma zikanyamaza moja moja. Mtu akasema amemwona makaburini. Mji mzima ukaelekea huko ukiwa na nguo zake za sherehe, Bwana Mfaume mbele na daftari lake kwapani, na walipofika walimkuta Mwenye Mkono amesimama ndani ya kaburi, udongo hadi kwenye nywele.

"Mkono!" akaita Bwana Mfaume. "Unafanya nini huko? Toka! Watu wanakungoja."

"Namnyoosha mama yangu," akajibu. Kisha akageuka, akawatazama wote, akayasema yale aliyopaswa kuyasema miaka arobaini na mitatu iliyopita. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mkono ulikuwa wa mtoto. Hamkufupika, wala hamjarefuka. Mimi ndiye niliyekua, na sasa nazeeka. Na wote waliozikwa wiki ile wamekunjwa."

Mtu mmoja alivua kofia yake ndefu, akaishika kifuani, hajui aiweke wapi. Bwana Mfaume alikuwa amebadilika rangi.

"Unajua unachosema? Unajua sheria inasema ufito usiolingana..."

"Naijua vizuri. Ukitaka kuukata mkono huu, uko hapa. Lakini ngoja nimalize kuutumia."

Akainama. Akauingiza mkono wake wa kulia chini ya magoti ya mama yake, akaitoa ile mikono iliyoyashikilia, kwanza mmoja, halafu wa pili, akailaza ubavuni. Akaushika mguu mmoja, akaunyoosha, mfupa kwa mfupa, pole pole. Vuai alichota udongo wa mwisho miguuni. Akaushika mguu wa pili. Katikati ya watu mwanamke mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, "Baba yangu alizikwa siku hiyo hiyo. Alikuwa mrefu, mama alisema alikuwa mrefu sana," akatoka kundini kwenda kutafuta jembe. Mwingine akamfuata.

Bwana Mfaume alibaki ukingoni. Pengine alitaka kuita walinzi. Walinzi nao walikuwa wakitazama upande wa makaburi ya watu wao. Mwishowe akafanya jambo pekee alilofundishwa na baba yake. Alifungua daftari, akafuta mstari wa zamani, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Lazima niandike kitu. Niandike mikono mingapi?"

Bi Kazija aliushusha unyayo wa mama yake juu ya udongo laini, akauachia, akatazama kama utarudi kujikunja. Haukurudi. Mzee Vuai alitazama lundo la udongo, na hapakuwa na mtu.

"Andika, limemwenea."

Bwana Mfaume alipitisha kidole kwenye daftari kutoka safu moja hadi nyingine, akitafuta pa kuliandika neno hilo, na alikuwa bado analitafutia mahali wakati kaburi la pili lilipofunguliwa.